Mfumuko wa Bei Umepungua, Bei Hazijarudi

Kila sisi wa ofisi ya takwimu tunapotoa taarifa ya mfumuko wa bei ya mwezi, simu za ofisini huanza kuita kabla hata ya saa sita mchana. Malalamiko ni mawili, na siku hizi yameongezeka. La kwanza ni la zamani: "Mnasema mfumuko umeshuka, mbona sukari haijashuka?" La pili limeletwa na majedwali yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yaliyopanga nchi kwa mfumuko wa bei kama msimamo wa ligi. Uturuki iko mkiani, China iko kileleni, na Tanzania, yenye mfumuko uliozidi kidogo asilimia 3 mwaka 2025, inaonekana imeipita Uingereza. Mwananchi anauliza, tena kwa nia njema kabisa, kama tumewapita Waingereza, iweje ndugu yake wa Birmingham ndiye anayetuma pesa nyumbani?

Nitajibu yote mawili kwa takwimu za nchi kubwa kiuchumi, kwa sababu misukosuko ya bei iliyozikuta tangu 2021 ni mikubwa kiasi kwamba hata asiye mtakwimu anaweza kuona kinachotendeka ndani ya hesabu. Naandika kama mtu wa takwimu za bei. Sera za riba zina wenyewe, na kutabiri bei za mwakani si kazi ya dawati langu.

Mfumuko wa bei ni kasi ya upandaji wa bei. Maneno hayo huwa tunayaandika katika taarifa zetu, na bado yanasomwa kana kwamba neno "kasi" halimo. Tuchukue Marekani. Juni 2022 mfumuko wa mwaka ulifika asilimia 9.1, kiwango ambacho nchi ile haikuwa imekiona tangu 1981. Januari 2025 ulikuwa asilimia 3.0. Msomaji mwenye haraka atasema bei zimeshuka kwa theluthi mbili. Lakini tazama fahirisi yenyewe, yaani namba inayofuata bei ya kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua, maana hiyo ndiyo tunayoipima. Mfumuko hupatikana kwa kulinganisha fahirisi ya mwezi huu na ya mwezi kama huu mwaka jana. Januari 2021 fahirisi ya Marekani ilikuwa 261.6. Januari 2025 ilikuwa 317.7. Kapu lililonunuliwa kwa dola 100 mwanzoni mwa 2021 lilihitaji dola 121 na senti zake miaka minne baadaye. Gari linalopanda mlima wa Kitonga likipunguza mwendo halijaanza kuteremka.

Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwezi Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 kufikia Julai 2023. Haikufanya hivyo ili kurudisha bei za 2020. Lengo lake ni bei zipande kwa asilimia 2 kwa mwaka, yaani ziendelee kupanda, ila taratibu. Benki Kuu ya Ulaya na ile ya Uingereza zina lengo hilohilo la asilimia 2. Bidhaa moja moja hushuka, ndiyo. Mayai Marekani yalifika wastani wa dola 6.23 kwa dazeni Machi 2025 kwa sababu ya mafua ya ndege yaliyoua kuku wa mayai, kisha yakashuka sana miezi iliyofuata. Kapu zima ni habari nyingine, na kapu zima likianza kushuka mwaka hadi mwaka, huwa ni dalili kwamba biashara zimekosa wanunuzi.

Uingereza inaonyesha kitu kingine. Aprili 2022 ukomo wa bei ya umeme na gesi kwa kaya ya kawaida ulipandishwa kwa asilimia 54 kwa mkupuo, kutoka pauni 1,277 hadi pauni 1,971 kwa mwaka. Oktoba ukapanda tena, na mfumuko ukagonga asilimia 11.1, wa juu kuliko wowote katika miaka 41. Sasa fuatilia hesabu. Miezi kumi na miwili ikishapita, ile bei mpya ndiyo inayokuwa bei ya "mwaka jana". Mruko wenyewe unatoka kwenye hesabu, na mfumuko unashuka hata kama bili haikupungua sana. Mei 2024 Uingereza ilirudi kwenye asilimia 2.0. Bili hazikuwahi kurudi pauni 1,277. Aliyesema wakati ule kwamba takwimu za Uingereza zinadanganya alikuwa analinganisha na 2021, ilhali takwimu ilikuwa inalinganisha na 2023. Kila mmoja alisema kweli kuhusu mwaka wake.

Huko wana utaratibu ambao inafaa nieleze, kwa sababu mara nyingi naulizwa nani huwajibika lengo likikosekana. Mfumuko ukipita asilimia 3 au ukienda chini ya asilimia 1, yaani ukiachana na lengo kwa zaidi ya nukta moja ya asilimia upande wowote, Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza analazimika kumwandikia Waziri wa Fedha barua ya wazi. Barua hiyo hueleza sababu za kukosa lengo, hatua zinazochukuliwa, na muda unaotarajiwa mfumuko kurudi. Hutangazwa kwa umma pamoja na kumbukumbu za kikao cha kamati ya riba. Miezi mitatu ikipita na mfumuko bado uko nje ya mipaka, anaandika nyingine. Hafungwi wala hatozwi faini. Adhabu yake ni kujieleza hadharani, na Gavana Andrew Bailey amejieleza kwa njia hiyo mara nyingi. Kati ya Julai na Septemba 2025 mfumuko ulikuwa asilimia 3.8 kwa miezi mitatu mfululizo.

Sasa nirudi kwenye lalamiko la kwanza kwa sura yake ya mchele, ambayo ndiyo inayoleta simu nyingi zaidi. "Mchele umepanda, ninyi mnasema asilimia tatu." Japani walilia kilio hichohicho. Mei 2025 mchele nchini mwao ulikuwa umepanda kwa asilimia 101.7 ukilinganisha na Mei ya mwaka uliotangulia. Umezidi mara mbili, katika nchi ambayo chakula ni wali. Serikali ilifungua maghala ya akiba ya taifa, na waziri wa kilimo, Taku Eto, alijiuzulu mwezi huohuo baada ya kusema kwamba yeye hanunui mchele, huletewa na wafuasi wake. Mfumuko wa bei wa Japani mwezi huo? Asilimia 3.5.

Hakuna ujanja hapo. Kila bidhaa kwenye kapu ina mizania yake, yaani fungu lake katika matumizi yote ya kaya kwa wastani. Wajapani wanakula wali, lakini pia wanalipa pango, treni, simu, umeme, mikahawa na matibabu, na ukigawanya matumizi yao yote, fungu la mchele halifiki asilimia moja. Kitu kikiongezeka mara mbili huku fungu lake ni dogo hivyo, hakiwezi hata kuongeza nukta moja kwenye mfumuko mzima. Ila hesabu hiyo ni ya wastani wa nchi. Kwa mstaafu wa Osaka mwenye kipato kidogo, mchele si fungu la chini ya asilimia moja, na anapolalamika, analalamika kwa haki. Taarifa ya taifa haikanushi mfuko wake. Inaeleza nchi, haielezi nyumba moja.

Hapo ndipo jedwali la WhatsApp linapovunjika. Katika kapu letu la mwaka wa kizio 2020, yaani mwaka ambao bei zake ndizo msingi wa kulinganishia, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina mizania ya asilimia 28.2. India, katika kapu lake la mwaka wa kizio 2012, vyakula na vinywaji vilikaribia asilimia 46. Ndiyo maana mboga na nafaka ziliposhuka bei, mfumuko wa India ulianguka hadi asilimia 0.25 Oktoba 2025. Mavuno yaleyale yangelitikisa kapu la Marekani kidogo sana, kwa sababu chakula huko ni takriban moja ya saba ya kapu, wakati makazi yanazidi theluthi moja. Na hata hayo makazi yanapimwa tofauti. Marekani humhesabia mwenye nyumba yake pango la kukadiria, yaani kiasi ambacho angelipa kama angekuwa mpangaji wa nyumba hiyohiyo. Fahirisi ya pamoja ya Ulaya haiweki kabisa gharama hiyo ya mwenye nyumba. Kuweka asilimia ya Washington kando ya asilimia ya Ukanda wa Euro na kutangaza mshindi ni kupima kitambaa kwa mita huku na kwa yadi kule.

Ndani ya Ukanda wa Euro kwenyewe, ambako kipimo ni kimoja, sarafu ni moja na benki kuu ni moja, Agosti 2022 mfumuko wa Estonia ulizidi asilimia 25 wakati Ufaransa ilikuwa chini ya 7. Ufaransa ilikuwa imewekea ukomo, kwa amri ya serikali, upandaji wa bei ya umeme wa majumbani. Estonia umeme ulifuata soko. Vita vilikuwa vilevile vya Ukraine, vilivyosukuma bei za chakula duniani hadi rekodi Machi 2022 na kutufikia sisi kupitia ngano, mbolea, mafuta ya kula na dizeli.

Kuhusu China, naomba wanaosambaza ule ujumbe wa "China bei zinaporomoka" wasome tarehe kwanza. Januari 2024 bei za walaji China zilikuwa chini kwa asilimia 0.8 kuliko mwaka uliotangulia, anguko kubwa zaidi tangu 2009, na nyama ya nguruwe ilichangia sana. Lakini Mwaka Mpya wa Kichina hufuata mwezi mwandamo. Mwaka 2023 uliangukia Januari. 2024 uliangukia Februari. Kwa hiyo Januari ya kawaida ililinganishwa na Januari ya sikukuu. Februari 2024 namba ikawa chanya, asilimia 0.7. Sisi tunaoijua Ramadhani inavyosogea kwenye kalenda, na bei ya tambi, tende na nazi inavyosogea nayo, hatupaswi kuona ugumu wowote hapo. Hata hivyo, ukichukua mwaka mzima wa 2023 na mzima wa 2024, China ilipata asilimia 0.2 tu kila mwaka. Huo ni udhaifu wa kweli wa wanunuzi, na ndio unaostahili kujadiliwa, siyo mwezi mmoja.

Uturuki ni kinyume chake. Mfumuko ulifika asilimia 85.5 Oktoba 2022, ukashuka, ukapanda tena hadi 75.45 Mei 2024, baada ya benki kuu yao kuwa imeshapandisha riba hadi asilimia 50. Oktoba 2025 ulikuwa karibu asilimia 33. "Umeshuka kwa zaidi ya nusu," utasoma. Ni kweli. Na mama anayekwenda sokoni Istanbul alikuwa analipa theluthi moja zaidi ya alicholipa mwaka mmoja nyuma.

Kuna tuhuma moja inayonikera kuliko zote, nayo ni kwamba takwimu hupikwa. Takwimu kupikwa ni jambo linalotokea, na linajulikana lilivyo. Argentina, kuanzia 2007 hadi 2015, ilitangaza mfumuko mdogo kuliko uliokuwepo. Iligundulika kwa sababu fahirisi za majimbo na za wachumi binafsi zilionyesha namba kubwa zaidi kwa kiasi kisichoelezeka, mwezi baada ya mwezi. Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa liliikaripia rasmi, na karipio hilo halikuondolewa hadi Novemba 2016, baada ya ofisi ya takwimu kusukwa upya. Kosa la kawaida nalo linajulikana lilivyo: Juni 2025 ofisi ya takwimu ya Uingereza ilitangaza yenyewe kwamba takwimu za kodi ya magari ilizopewa zilikuwa na kasoro, na mfumuko wa Aprili uliotajwa kuwa asilimia 3.5 ulipaswa kuwa 3.4. Sifuri nukta moja, na walisema.

Marekani, mtumishi wa takwimu anayetoa kwa makusudi taarifa za siri za mtoa bei anaweza kufungwa hadi miaka mitano na kutozwa faini ya hadi dola 250,000. Nasisitiza: taarifa za mtoa bei, mwenye duka mmoja mmoja. Hapa nchini Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, nayo inalinda siri hiyo, na anayeivunja hushtakiwa. Mwenye duka anayedhani bei anayotutajia itafika kwa watu wa kodi ananikosesha usingizi kuliko anayenitukana mtandaoni, kwa sababu huyu wa kwanza anaharibu namba yenyewe.

Namba isipokusanywa siku yake, imepotea. Shughuli za serikali ya Marekani zilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025 kwa kukosa bajeti, wadadisi wa bei hawakwenda madukani. Watumishi wachache waliitwa kumalizia takwimu za Septemba tu, kwa kuwa pensheni za mamilioni ya wazee hupandishwa kwa kutumia takwimu hizo. Serikali ilipofunguliwa, ofisi ile yenye vifaa na wataalamu kuliko karibu nyingine yoyote duniani ilitangaza kwamba haitatoa fahirisi ya Oktoba. Huwezi kwenda dukani mwishoni mwa Novemba ukauliza maziwa yaliuzwaje wiki ya pili ya Oktoba. Kwenye jedwali lao nafasi ya mwezi huo iko wazi.

Mdadisi wetu atakayekuja dukani kwako atakuwa na kitambulisho chenye picha, omba ukione. Atauliza bei ya bidhaa ileile, ya chapa ileile na ujazo uleule aliouliza mwezi uliopita. Kama haipo, mwambie haipo, usimtajie ya mwezi uliopita. Kama umepunguza bei kwa ajili ya mteja wako wa siku nyingi, hiyo hatuiandiki. Tunaandika bei ambayo mtu yeyote akiingia atauziwa. Haulizi mauzo yako wala faida yako. Kwa kawaida hamalizi hata dakika kumi.