Waasi waliohamishwa: Muindi Mbingu, Barsirian na wenzao

Muulize Mkenya yeyote nani alipigana na Mwingereza, atakwambia Dedan Kimathi, ataongeza Mau Mau, hapo ataanza kukuna kichwa. Simlaumu, shuleni tulilishwa historia ya bunduki na msitu. Lakini mimi kazi yangu ni kusoma mafaili ya mkoloni, na humo kuna watu wengine kabisa walioinyima serikali usingizi, wengine hata risasi moja hawakufyatua, na dawa yao ilikuwa ileile kila mara: kuhamishwa.

Hii ya kuhamishwa watu wengi hawaielewi kwa hivyo wacha niieleze. Ukimpeleka mtu kortini lazima umsomee shtaka, ulete mashahidi, na anaweza kushinda, na hata akifungwa kuna siku atatoka. Sasa ukiwa na sheria ya kumwondoa mtu kwao, gavana anatia saini tu. Hakuna kesi, mtu anapelekwa mahali hajui lugha, hana ukoo wala mtu wa kumsikiliza. Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi Waafrika, alipelekwa Kismayu hivyo 1922, huyo angalau anajulikana.

Muindi Mbingu je? Wanairobi wanapita Muindi Mbingu Street kila siku kwenda City Market na ukisimamisha kumi pale sijui kama wawili watakwambia alifanya nini. Mwaka 1938 serikali iliamua Wakamba wana mifugo mingi mno, ardhi inamomonyoka, basi ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hilo sikatai. Lakini ulitoka wapi? Milima ya Mua ilikuwa imechukuliwa na masetla, Yatta kwenye malisho nako kumewekewa vikwazo, watu wamebanwa kwenye rizavu halafu unawaambia mko na ng'ombe wengi! Na wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimewekwa Athi River, kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Unganisha mwenyewe.

Ng'ombe wakakamatwa, wakapigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakamba chini ya chama chao, Ukamba Members Association, kilichoongozwa na Muindi, hawakuchoma kitu wala kumpiga mtu, walishika njia wakaenda Nairobi mwezi wa Julai, wanaume, wanawake na watoto, maelfu ya watu, wakapiga kambi wakasema hatutoki mpaka tuonane na gavana. Wiki zikapita. Gavana, Brooke-Popham, hakutaka kukutana nao pale Nairobi, mwishowe yeye ndiye akaenda Machakos kuongea nao. Na kuna jambo lililowatia Waingereza jasho: Wakamba walikuwa wengi sana kwenye jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) na polisi, vita Ulaya inanukia, na hao askari ng'ombe wao ndio hao wanaouzwa.

Muindi alikamatwa akapelekwa Lamu bila kesi. Lakini kabla mwaka haujaisha ule mpango wa kupunguza mifugo kwa lazima uliachwa. Kwa hesabu yangu hawa ndio waasi walioshinda wazi kuliko wengi wenye bunduki, ila ushindi wa ng'ombe hautengenezewi sanamu.

Mekatilili wa Menza siku hizi anajulikana kidogo, nitapita haraka. Mwaka 1913 aliwalisha Wagiriama kiapo wasilipe kodi ya nyumba wala kwenda vibarua kwenye mashamba ya wazungu, akakamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa magharibi kabisa, nchi ya Kisii. Mapema 1914 wakatoroka wakarudi pwani. Angalia ramani uone ni wapi na wapi, na huyo ni mama mtu mzima. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti, wakidhani kiapo kinakaa kwenye miti.

Sasa huyu ndiye anayeniuma: Barsirian arap Manyei. Baba yake ni Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi aliyepigwa risasi na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Mwingereza, tarehe 19 Oktoba 1905 walipokutana eti kwa mazungumzo ya amani. Miaka 18 baadaye mtoto amekuwa orkoiyot, na Wanandi wamejaa hasira: kodi imepanda, kuna kipande (kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho), ardhi nyingine imekatwa wakapewa wanajeshi wazungu waliotoka vitani, na karantini ya ugonjwa wa ng'ombe imewazuia kuuza mifugo, yaani kodi unadaiwa na kitu cha kuuza huruhusiwi kuuza. Oktoba 1923 ilikuwa zamu ya Saget ab Eito, sherehe ya rika moja kukabidhi rika lingine uongozi, Wanandi wote vijana mahali pamoja. Serikali ikaamini uasi utaanzia hapo, ikapiga marufuku sherehe na kumkamata Barsirian pamoja na wazee kadhaa, akapelekwa Meru.

Aliachiliwa 1964. Soma tena hiyo miaka, 1923 hadi 1964. Kapenguria Six, yaani Kenyatta na wenzake watano waliokamatwa 1952, tunawaimba, huyu alikuwa kizuizini miaka karibu 30 kabla wao hawajakamatwa na akaachwa huko hata bendera ya Uingereza ilipokuwa imeshateremshwa.

Na haikuwa yeye peke yake. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria maalum ya kuondoa ukoo mzima wa Talai kutoka kwa Wakipsigis, mamia ya watu, wazee, wake na watoto, wakatupwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, kwenye malaria na mbung'o, kosa lao kuzaliwa katika ukoo wa maorkoiyot. Ardhi ya Kericho huku nyuma ikaendelea kupandwa chai. Wazao wao pamoja na Wakipsigis wengine walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg mwaka 2022, na wanachodai ni pamoja na kuombwa radhi na fidia.