Tandiko la Farasi: Yanayosemwa na Yalivyo

Dhana: tandiko lilibuniwa ili mpandaji akae raha.

Raha ya mpandaji ni nyongeza tu. Kazi yenyewe ni kuuondoa uzito kwenye uti wa mgongo na kuuhamishia kwenye misuli ya pande mbili. Matandiko yaliyofukuliwa Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia, yana zaidi ya miaka 2,000, na tayari yameshonwa hivyo: mito miwili iliyojazwa, mmoja kulia, mmoja kushoto, katikati pana mfereji. Kiunzi cha mbao kilipokuja, uzito ukatandazwa mahali papana zaidi.

Dhana: vikuku vya kukanyagia vilizaliwa pamoja na tandiko.

Vilichelewa mno. Askari wa farasi wa Kirumi walikaa kwenye tandiko la pembe nne zilizowashika mapaja, miguu ikining'inia. Sanamu ya farasi mwenye vikuku viwili imepatikana China, katika kaburi la mwaka 322 baada ya Kristo. Ulaya vilienea baada ya Waavari, wahamaji wapanda farasi kutoka Asia, kuingia, karne ya 6 na ya 7.

Dhana: tandiko likibana, ongeza blanketi.

Hapo ni sawa na kuvaa soksi tatu kwenye kiatu kinachobana. Mpandaji akiwa ameketi, vidole viwili au vitatu vipite kati ya upinde wa mbele wa tandiko na kinundu cha bega. Ukilivua, angalia jasho: pakavu katikati ya palipolowa mara nyingi ndipo palipobanwa. Pakiumia sana, nywele huota nyeupe. Anayenunua farasi Iringa au Mufindi aanze kwa kupapasa mgongo na kutafuta madoa hayo, meno baadaye.

Dhana: tandiko la farasi humfaa punda.

Wenye punda Makete na Mbeya wanaijua miteremko yao. Punda bega lake halijainuka na mgongo umenyooka, hivyo akishuka tandiko humfuata shingoni. Kukaza mkanda wa tumbo hakusaidii. Humchubua kwapani tu. Kinachozuia ni mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja, chini kidogo ya mkia. Shogi, yaani mifuko ya mizigo inayoning'inia ubavuni, nalo lijazwe viazi sawasawa pande zote mbili, kwa kupima. Gunia moja lililolazwa juu ya uti, hata liwe jepesi, litamtoa kidonda.