Je, wajua? Kwa nini batiki iliyochorwa na kompyuta bado ni batiki kwa Wajava

Mwaka 2007, kikundi cha vijana wa Bandung, magharibi mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, kilianza kazi iliyozaa programu ya kompyuta iitwayo jBatik. Unaipa kanuni ya hisabati, unagusa namba moja tu, na ua, yaani nakshi ya kitambaa, linachipuka upya kwenye skrini: matawi yanazaa matawi, na kila kipande kinafanana na umbo zima lililokizaa, kama tawi linavyofanana na mti wake. Kazi yao ikajulikana kama Batik Fractal.

Ungetegemea wazee wa batiki wapige kelele. Lakini wanaopigiwa kelele hasa ni wengine: wenye viwanda wanaochapa nakshi ya kale ya ikulu za wafalme, mstari kwa mstari, bila kukosea hata nukta. Hiyo kwa Mwindonesia si batiki, ni “nguo yenye maua ya batiki”. Inakuwaje ua jipya la kompyuta likubalike, na la babu likataliwe?

Jibu liko kwenye nta.

Mama anayetia nta hukaa kwenye kigoda kifupi. Kitambaa kimeanikwa juu ya fremu ya mianzi mbele yake, na pembeni kuna jiko dogo lenye kikaango cha nta iliyoyeyuka. Mkononi ana canting, ambayo wenyewe hutamka “chanting”: kikombe kidogo cha shaba chenye mrija mwembamba, kimepachikwa kwenye mpini. Anachota nta, anapuliza mdomo wa mrija usizibe wala kudondosha tone, kisha anaandika. Naam, anaandika, kwa maana batiki ya mkono huitwa batik tulis, na tulis ni kuandika. Nta ikipoa haizami kwenye uzi; ikiwa ya moto mno hutambaa na mstari unaharibika. Akimaliza upande mmoja anageuza kitambaa na kupitia mistari ileile upande wa pili. Baada ya hapo ndipo kitambaa huchovywa kwenye rangi, na palipofunikwa na nta hapashiki. Rangi ya pili, nta upya. Mwishoni kitambaa huchemshwa nta yote itoke. Kitambaa kimoja chenye kazi nyingi kinaweza kula miezi.

Kwa hiyo batiki ni jina la kazi, si jina la picha. Vijana wa Bandung kompyuta yao inaishia kwenye karatasi. Mchoro huhamishiwa kitambaani kwa penseli, na kuanzia hapo ni nta, jiko na pumzi ya mtu. Hata muhuri wa shaba uitwao cap, ulioanza kutumika karne ya 19 ili kuharakisha kazi, ulikubaliwa kwa sababu hiyohiyo: unachovywa kwenye nta, hauchovywi kwenye rangi.

Jambo hili linatugusa kuliko tunavyodhani. Waholanzi walipokuwa wakitawala Java, viwanda vyao vya Ulaya vilijaribu kuiga batiki kwa mashine ili kuwauzia Wajava nguo za bei poa. Mashine zilitumia utomvu badala ya nta, na utomvu ukipasuka rangi hupenya na kuacha mishipa midogo isiyo na mpangilio. Java haikuvutiwa, mishipa ile ilionekana kasoro. Afrika Magharibi ikawa kinyume chake: kuelekea mwisho wa karne hiyo ya 19 nguo hizo zilipata wateja huko Gold Coast, Ghana ya leo, na mishipa ikageuka kuwa urembo. Kitenge cha Kariakoo na kikwembe cha Lubumbashi ni wajukuu wa jaribio hilo lililogonga mwamba Java.

Sasa, usije ukadhani Wajava hawana shida na ua lenyewe. Wanalo la kusema sana. Chukua nakshi iitwayo parang: ni mistari inayolala mshazari, kila mmoja ukijipinda kama wimbi na kuushika unaofuata. Kwa Kiindonesia cha kawaida neno hilo ni panga, ingawa wengi huona humo mawimbi yanayopiga miamba. Zamani ikulu za Yogyakarta na Surakarta zilipiga marufuku raia kuvaa aina fulani za parang. Zilikuwa za mfalme na jamaa zake. Lakini tazama linavyochorwa: umbo moja, linapinda, linarudiwa, linakua au kupungua kwa kufuata sheria. Watu wa jBatik walipozipima nakshi za kale kwa hisabati waliikuta sheria hiyo tayari imo, wala hawakuibuni wao. Walichofanya ni kuiacha iendelee kuzaa.

Na si mara ya kwanza. Miaka ya 1950 Rais Sukarno alimwomba Go Tik Swan, kijana wa Solo (ndiyo Surakarta) aliyetoka ukoo wa Kichina wenye biashara ya batiki, abuni “Batiki ya Indonesia” kwa ajili ya taifa jipya. Alichukua nakshi za ikulu, zilizozoeleka kwa kahawia na nili, akazitia rangi kali za miji ya pwani. Ikulu na bandari kwenye kipande kimoja cha nguo! Pwani yenyewe ilishazoea kuchanganya: Cirebon wana mawingu ya Mega Mendung yenye asili ya Kichina, na Pekalongan wakachora mashada ya maua ya Ulaya. Wakati wa utawala wa Wajapani, 1942 hadi 1945, pamba ilikuwa adimu, basi mafundi wakajaza kila nafasi ya kitambaa na kukigawa pande mbili, moja ya kuvaa asubuhi, nyingine jioni. Ninapoona UNESCO ilivyoiorodhesha batiki kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu tarehe 2 Oktoba 2009, siku ambayo sasa Waindonesia huvaa batiki nchi nzima, najiuliza ni batiki ya mwaka gani hasa waliyoiweka kwenye orodha.

Wasanii wengine wamefanya hivyohivyo nje ya nguo. Heri Dono, aliyezaliwa 1960, alijifunza wayang, vikaragosi vya ngozi vinavyochezeshwa mbele ya taa ili kivuli chao kiangukie pazia, kisha akavitia mota na vipuri vya redio mbovu. Eko Nugroho wa Yogyakarta hutumia tarizi ya mashine kuchora watu waliovaa vinyago na kuifanyia siasa mzaha.

Joko Avianto anasuka mianzi, lakini si vikapu: mwaka 2015 alifunika mbele ya jengo la sanaa la Frankfurt kwa mafundo makubwa ya mianzi. Mwaka 2018 akaweka kazi nyingine katikati ya Jakarta, kwenye mzunguko mkubwa wa Hotel Indonesia. Jua na mvua vikaila, na Julai 2019 ikaondolewa, watu wakigombana kuhusu rupia milioni 550 zilizotumika. Mimi nilikuwa upande wa mianzi. Anayesuka tenga sokoni hashangai likioza.

Kuna na upande wa pili, wa vikombe na vishika funguo vilivyobandikwa parang, vinavyouzwa kwa watalii. Vinapendeza mezani, sina ugomvi navyo, ila hapo utamaduni umekuwa stika.

Ukibahatika kusimama mbele ya muuza batiki, geuza kitambaa. Kilichochapwa kwa kawaida hupauka nyuma. Kilichotiwa nta pande mbili hakina nyuma. Kinuse pia, harufu ya nta haitoki upesi. Kisha tafuta nukta ndogo zinazojaza nafasi kati ya maua. Kwenye batiki ya mkono utaona moja imenenepa, inayofuata imekonda, ya tatu imeegemea pembeni kidogo: hapo ndipo canting ilipokaribia kuziba, na mama akapuliza.