Je, wajua kwa nini kampuni ya simu ya kijijini inaishi kwa simu zinazoingia?

Ukipiga simu kwenda mtandao mwingine, ile hela uliyokatwa haibaki yote kwa kampuni yako. Kuna kipande kinapelekwa kwa mtandao wa anayepokea, maana mnara wake na umeme wake ndo vimetumika kumfikishia simu. Kipande hicho kinaitwa ada ya mwingiliano. Wewe mteja huioni popote, ila kwa kampuni ndogo ya kijijini ndo inaamua kama mnara utaendelea kuwaka au utazimwa, na anayepanga kiwango chake mara nyingi ni mamlaka ya mawasiliano.

Sababu ni kwamba watu wa kijijini wanapigiwa kuliko wanavyopiga. Mwenye salio ni mtoto aliye mjini, mzazi anabipu tu, anakata, anasubiri apigiwe. Sasa ukimpima huyo mzazi kwa vocha anazonunua utasema hana faida kabisa, wakati anapigiwa dakika kibao na dakika zote hizo zimelipiwa, ila zimelipiwa mjini kwa kampuni nyingine.

Halafu mnara haujali una wateja 200 au 5,000. Jenereta itataka dizeli, betri zikichoka zinabadilishwa, fundi akiitwa anasafiri mbali, na gharama zote hizo kijijini zinagawanywa kwa dakika chache, kwa hiyo kila dakika inakuwa ghali. Mamlaka ikisema ada iwe moja kwa wote inaonekana ni haki, lakini ukweli ni kwamba imepangwa kwa gharama za mjini na wa kijijini anabaki na pengo.

Chile walilielewa hili mapema. Walianzisha mfuko wa mawasiliano mwaka 1994, wakawa wanashindanisha kampuni: anayeomba ruzuku ndogo kuliko wenzake ndo anapewa eneo. Kuna miradi ilichukuliwa kwa ruzuku sifuri kabisa! Sio kwamba kampuni zilikuwa na huruma. Zilipata leseni na masafa (mawimbi ya redio yanayobeba simu), na juu ya hapo waendeshaji wa vijijini waliruhusiwa kutoza ada ya mwingiliano kubwa kuliko ya mjini, na simu zinazoingia zikawa sehemu kubwa ya mapato yao. Mimi naona hiyo ni akili kuliko kumwaga ruzuku kila mwaka, maana hela inafuata simu zenyewe.

Ila ukipandisha ada sana unafungua mlango wa ujanja. Marekani, hasa jimbo la Iowa, kampuni ndogo za vijijini zenye ada kubwa zilishirikiana na huduma za mikutano ya simu ya bure, watu wa nchi nzima wakawa wanapiga namba ya kijiji wakiongea na wenzao wa miji mingine kabisa, kijiji hakihusiki hata kidogo, kisha kampuni na wenye huduma wanagawana ada. Aliyelia ni mtandao wa mpigaji, ndo unaolipa.

Na mitandao mikubwa ya Marekani nayo ikawa na ujanja wake wa kukwepa ada hizo. Simu za kwenda vijijini zilipitishwa kwa madalali wa bei rahisi, nyingine zikapotelea njiani, mpigaji anasikia inaita, inaita, kumbe kule simu haijalia kabisa! Unadhani mtu kagoma kupokea. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapiga marufuku kumsikilizisha mpigaji mlio kabla simu ya upande wa pili haijaanza kuita.

Leseni nazo zinaua kimyakimya. Kule Oaxaca, Mexico, jamii za wenyeji zilijijengea mitandao yao ya simu za mkononi, 2016 wakapewa leseni, halafu wakadaiwa ada ya masafa kama kampuni ya kibiashara. Mpaka 2021 kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ndo wakashinda.

Sasa mambo yamegeuka tena kwa sababu watu wanapigiana kwa intaneti na huko ada ya mwingiliano haipo, mnara unabeba mazungumzo yaleyale ila unaambulia hela ya bando tu. FCC yenyewe iliamua 2011 kuziondoa ada hizo taratibu na kuweka ruzuku ya moja kwa moja. Tatizo ni kwamba mfuko wa ruzuku unachangiwa na mapato ya simu za kati ya majimbo na za nje ya nchi, ambayo yanazidi kushuka, na wanaolipia intaneti hawachangii, hivyo wachache waliobaki wanabebeshwa zaidi: kiwango cha mchango kilikuwa chini ya asilimia 6 ya mapato hayo mwaka 2000, kufikia 2021 kilishavuka asilimia 30.