Ubora wa darubini si "mara 500"

Wengi huamini darubini bora ya kutazama nyota ni ile inayokuza zaidi. Sivyo. Ukiwa dukani Kariakoo, uliza kwanza kipenyo cha lenzi ya mbele, kwani ndiyo inayokusanya mwanga. Lenzi ya milimita 60 hukusanya takriban mara 70 ya mwanga unaoingia kwenye mboni iliyotanuka milimita 7 gizani. Ukuzaji wake wenye manufaa huishia karibu mara 120. Ukilazimisha 500, mwanga uleule hutandazwa mno: taswira inakuwa kubwa, hafifu, yenye ukungu.

Anza na lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, yenye umbali wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mwanga unapokutana) wa milimita 20. Kwenye darubini yenye umbali wa fokasi wa milimita 700 hukuza mara 35 (700 ÷ 20), na pete za Zohali huanza kutambulika. Na jamani, ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi, joto la Dar litaifunika lenzi kwa mvuke. Usiifute, subiri ukauke wenyewe.