Kabla Hujaongeza Volti, Jua Mashine Inaangukia Wapi

"Fundi, nimeua prosesa," kijana aliniambia huku akitua kasha la kompyuta mezani. Ndani mlikuwa na Core i7-8700K, ambayo kiwandani hutoka na gigahezi 3.7 na hujipandisha yenyewe hadi 4.7. Yeye aliitaka 5.0 kwa mruko mmoja. Nilipowasha, feni zilizunguka sekunde tatu, zikasimama, zikaanza tena. Skrini nyeusi tii.

Prosesa ilikuwa nzima. Nilichomoa waya wa umeme, nikashikilia swichi ya kuwashia ili kapasita zimalize chaji, nikatoa ile betri ndogo ya CR2032, inayotunza mipangilio, kwa dakika tano. Mashine ikawaka na mipangilio ya kiwandani.

Wengi wakifika hapo hurudi BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, na kuongeza volti. Mimi kwanza nauliza inaangukia wapi. Isipowaka kabisa, naishuku ramu kabla ya prosesa, kwa sababu XMP, ule mpangilio wa BIOS unaopandisha kasi ya ramu, nayo ni kuongeza kasi, na kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa hiyohiyo. Kijana alikuwa amebadilisha vyote viwili usiku mmoja; mkosaji utamjuaje? Nikazima XMP, ramu ikabaki na kasi yake ya kawaida mpaka prosesa itulie.

Ikifika Windows halafu ikaleta skrini ya bluu ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, yaani kosa la vifaa lisilosahihishika, hapo mara nyingi koa, vile viini vya prosesa vinavyofanya kazi, zina njaa ya volti. Hata isipoanguka, fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger namba 19. Maana yake kosa lilitokea, prosesa ikalisahihisha kimyakimya. Mashine yenye mstari huo simkabidhi mwenyewe, hata kama imemaliza saa nzima ya majaribio.

Nilipandisha kizidishi, namba ya BIOS inayopanga kasi (47 ni gigahezi 4.7), hatua moja moja. 47 salama, 48 salama. Kwa 49 na volti 1.30, Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, ikaanguka dakika ya nane. Nikatazama kipimo wakati wa mzigo: BIOS niliiambia 1.30, koa zilikuwa zinapata 1.23. Volti huzama mzigo unapoingia, na mpangilio wa LLC ndio unaozuia mzamo huo. Niliuweka ngazi ya kati, ikasoma 1.27, ikatulia. Ngazi ya juu kabisa naiogopa: mzigo ukiondoka ghafla, volti huruka juu ya kiwango ulichoweka, tena kwa muda mfupi ambao programu za vipimo hazioni.

Joto nalo halisamehe. Kutoka volti 1.30 hadi 1.40 kwa kasi ileile, joto linalozalishwa hupanda karibu asilimia 16, kwa kuwa hufuata mraba wa volti. Tena kati ya silikoni na kifuniko cha 8700K kuna pesti ya kupitisha joto, si risasi ya kulehemu, kwa hiyo joto hutoka kwa shida. Hapa Dar es Salaam majaribio ya mwisho nayafanya saa nane mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Mashine iliyopimwa usiku wa manane haijapimwa.

Tulijaribu 5.0 kwa volti 1.38. Dakika ya nne ikagonga nyuzi 97, na kwa 100 prosesa hii hujipunguza kasi yenyewe. Tukarudi 4.9. Nikarudisha XMP peke yake, nikapima upya, kisha nikabandika karatasi ndani ya kasha: kizidishi 49, volti 1.30, LLC ya kati, AVX chini 2 (kizidishi kishuke hatua mbili kwa zile hesabu nzito za AVX). Siku betri ikifa, asianze kubahatisha.