Je, wajua kwanini Wachina walipanda ndege mpaka Japani kununua vifuniko vya choo?

Kuna stori moja ya mwaka 2015 kila nikiikumbuka nacheka. Ilikuwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina, watalii wa China wakamiminika Japani, na moja ya vitu walivyovigombania kwenye maduka ya Tokyo na Osaka ilikuwa kifuniko cha choo. Ndio, kile cha kukalia. Ila sio hivi vyetu vya plastiki, hicho ni cha umeme, unakaa unakuta kina joto, ukimaliza haja unabonyeza kitufe kinakuchambisha chenyewe kwa maji ya uvuguvugu. Kichekesho sasa, baadae ikaja kujulikana kwamba vingine vimetengenezwa Hangzhou, China hukohuko, kwenye kiwanda cha Panasonic. Yaani mtu kavuka bahari kwenda kufuata kitu kilichotoka kwao.

Wajapani wakalitungia jambo lenyewe jina, bakugai, ni kama kusema kununua kwa kulipuka, na mwaka huohuo neno hilo likachaguliwa kuwa moja ya maneno ya mwaka kule Japani. Wengi waliishia kusema hawa jamaa wana hela mpya zinawawasha. Mi nakataa. Wachina walikuwa wanapiga hesabu tu, na hesabu zenyewe ukizifuatilia zinaingia akilini kabisa.

Chukua Japani kwanza. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa inakupa yen kama 80 hivi, kufika 2015 inakupa karibu 120, kwahiyo mtu wa nje akiingia dukani anaona kila kitu kimeshuka bei. Juu ya hapo Oktoba 2014 Japani wakaongeza orodha ya vitu ambavyo mtalii halipii kodi, wakaingiza vipodozi, dawa na vyakula, na kodi yenyewe wakati huo ilikuwa 8%. Hapo hujamwambia mtu anunue, ataanza mwenyewe.

Ulaya ndo ilikuwa balaa zaidi. Mkoba uliotengenezwa Ufaransa ukishafika Shanghai umebebeshwa ushuru wa forodha, umebebeshwa VAT ambayo kabla ya 2018 ilikuwa 17%, halafu na kampuni zenyewe zilikuwa zinaweka bei ya China juu kwa makusudi maana wateja wapo. Mchina huyohuyo akiununua Paris, pale kwenye duka kubwa la Galeries Lafayette, anakuta bei iko chini na anajaza fomu ya kurudishiwa VAT wakati anaondoka (Ufaransa ni 20%, ila ukitoa makato ya wanaoshughulikia marejesho mkononi unabaki na kama 12%). Akichukua mikoba miwili mitatu nauli yake inaanza kurudi. Pengo lilikuwa kubwa mpaka Machi 2015 Chanel wakaamua kupunguza bei China kwa kama 20% na kupandisha Ulaya kwa kiasi hichohicho kwa baadhi ya mikoba yao maarufu, ili zikaribiane.

Lakini bei peke yake haielezi kile kifuniko cha Hangzhou. Hapo ndo linaingia suala la kuaminiana, na hapa lazima turudi 2008. Mwaka huo maziwa ya kopo ya watoto China yalikutwa yamechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kisa ukiweka hiyo maziwa yakipimwa yanaonekana yana protini nyingi. Watoto karibu 300,000 waliugua, sita wakafa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, wazazi wakaacha kuamini kopo la dukani kwao, wakawa wanavuka kwenda Hong Kong kununua huko, mpaka Machi 2013 Hong Kong wakaweka sheria kwamba anayetoka asizidishe kilo 1.8, ambayo ni makopo mawili, ukizidisha kuna faini na jela. Australia nako supamaketi zikaanza kugawa makopo mawili mawili kwa mteja. Kwa mtu aliyepitia hayo, kitu kilichouzwa Japani kimepita kwenye mikono ya wakaguzi wa Japani, hata kama kimezaliwa Hangzhou. Ananunua ule ukaguzi.

Na mzigo wote ule sio wake. Si unajua huku kwetu mtu akisema anaenda Dubai kesho yake wasapu imejaa, niletee simu, niletee pafyumu, mama anataka vitenge? Wenzetu wameigeuza kazi kabisa, anaitwa daigou, mtu wa kukununulia, wengi wao wanafunzi wa Sydney na Melbourne, anapiga picha kopo dukani anaituma WeChat (wasapu ya Wachina), unalipa, anaongeza chake, anasafirisha. Kazi hiyo ikakua mpaka Januari 2019 China ikawa na sheria ya biashara ya mtandaoni inayowataka wajisajili na walipe kodi. Abiria naye akirudi nyumbani na vitu alivyonunua nje vya zaidi ya yuan 5,000 anatakiwa alipie ushuru, ndo maana wengine maboksi wanayatupa hotelini saa wanaivaa mkononi.

Serikali ikaona bora hela zibaki ndani, VAT ikashushwa mpaka 13% mwaka 2019, na kisiwa cha Hainan kikafanywa duka lisilo na ushuru kwa Wachina wenyewe, kuanzia Julai 2020 mtu anaruhusiwa kununua mpaka yuan 100,000 kwa mwaka. Ikasaidia. Halafu 2024 yen ikaporomoka hadi kupita 160 kwa dola, haikuwahi kufika huko tangu 1986, na Wachina hao, wako tena Japani, mtaa wa maduka ya kifahari wa Ginza kule Tokyo, safari hii wanapigania mikoba ya Louis Vuitton.